Hodi za Nguzo Tano

Kanisa letu la Mihini, huku nyuma ya Ganda, halina njia ya katikati. Pale ambapo makanisa mengine hutandika zulia, sisi tuna nguzo. Ni tano, nene, zimepangwa mstari mmoja kutoka mlangoni mpaka karibu na madhabahu, kama wazee waliokaribishwa kuketi wakakataa.

Kosa si letu. Mmisheni aliyeagiza kanisa lijengwe alishikwa na homa akapelekwa Mombasa, akawaachia mchoro mafundi wa Takaungu. Mafundi wale walikuwa Waislamu, hodari wa mawe na chokaa, na mchoro walioujua ulikuwa vichwani mwao. Boriti ya mkoko haipiti futi kumi. Ukitaka chumba kipana zaidi ya hapo, simamisha nguzo katikati: boriti moja ianzie ukuta huu, nyingine ukuta ule, zikutane vichwa juu ya nguzo. Ndivyo walivyojenga misikiti yao, na ndivyo walivyotujengea kanisa. Mmisheni aliporudi, amekonda kama ufito, alisimama mlangoni akauliza, "Na njia ya katikati iko wapi?"

Fundi mkuu akamjibu, "Bwana, katikati ndipo panaposhika paa. Pembeni ziko mbili, watu wapite."

Haya niliyapata kwa babu yangu, naye aliyapata kwa babake aliyekuwa akichanganya chokaa. Kama kuna chumvi ndani, si mimi niliyeitia. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu hapa huniita Mwaro Chumvi. Miaka thelathini na mmoja nilishika ncha moja ya nyororo ya wapima ardhi, huku msomi ameshika ncha ya pili na kalamu. Nilipostaafu nikaona sasa ni zamu yangu kutoa vipimo. Mgeni akija na kamera, mimi ndiye humtembeza kanisani. Mtaliano mmoja wa Malindi nilimwambia kwamba nguzo ya tatu imeinama kwa sababu tembo aliingia wakati wa mahubiri akajikuna mgongo. Akaandika. Mwingine nilimwambia kwamba kuta ni nene hivi kwa kuwa fundi alikuwa kiziwi, hakusikia alipoambiwa basi. Akaandika pia.

Lakini yapo ya kweli yanayoshinda ya uongo. Tuna waumini waliokaa nyuma ya nguzo tangu kipaimara, wanaomjua kasisi kwa sauti tu. Kasisi wa zamani alipohamishwa akaletwa Kasisi Baya, mmoja wao alimwombea wiki mbili nzima akidhani ni yule yule ameshikwa na mafua.

Basi mwaka jana mjukuu wangu Damaris akapata mchumba. Kijana anaitwa Dedan, muuguzi mwenzake wa Kilifi, mpole, mwenye masikio makubwa ya kusikiliza. Wazazi wake ni watu wa bara. Baba ametangulia mbele ya haki, na mama ana duka la vifaa vya ujenzi kule Mtwapa. Jina lake la ubatizo ni Easter, lakini sisi tulimwita Mama Dedan. Alikuja kukagua kanisa wiki saba kabla ya harusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mkwe. Karibu Mihini."

Akasimama mlangoni pale pale aliposimama mmisheni. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akaitazama nguzo ya kwanza usoni, maana iko futi sita tu kutoka kizingitini.

"Maharusi wanapita wapi?"

"Bibi harusi kulia, bwana harusi kushoto. Wanakutana mbele."

"Wanakutana mbele? Yaani waingie kanisani kama watu wamegombana?"

"Kama watu wanaotafutana, mkwe."

"Mtoto wangu ameshamtafuta, amempata. Sasa anatenganishwa na mawe tena mbele ya Mungu?" Akaipiga ile nguzo kwa kiganja, jinsi mwenye mifugo anavyopiga ng'ombe anayetaka kumnunua. Kisha uso ukamchanua. "Lakini hii ni shida ndogo, mzee. Mimi nauza chuma. Nitaleta mihimili miwili mizito, tuilaze huko juu, hizi nguzo tukate. Iwe zawadi yangu kwa kanisa. Hata askofu akija, apite katikati kama mfalme."

Kasisi Baya alikuwa nyuma yetu. Nilimwona akimeza mate. Mtu aliyehubiria nguzo miaka sita, ukimwambia ataona nyuso, atakuuliza nini zaidi?

Kamati ilikaa Jumapili ile ile, ikapitisha neno kabla chai haijapoa. Ndipo nikasimama. Na sikizeni, maana haya ndiyo yaliyonishangaza maishani: nikasema kweli tupu.

"Ndugu zangu," nikasema, "mabati mnayoyaona nje ni kofia tu. Chini ya mabati liko dari la zamani. Juu ya boriti kuna mawe, juu ya mawe kuna chokaa iliyotwangwa na mama zetu kwa nyimbo, siku tatu mchana kutwa, unene wa shubiri nzima. Mzigo wote huo umeegemea nguzo. Chuma cha Mama Dedan kitalala juu ya nini? Juu ya ukuta wa madhabahu, nao ni wa chokaa, una dirisha katikati. Utabonyea kama andazi."

Kisha katibu wetu Marvin, kijana mwenye ulimi, akainua mkono.

"Na tembo je, mzee? Akirudi atajikuna wapi?"

Kamati ikaangua kicheko. Hata Kasisi Baya alijificha nyuma ya kikombe.

"Nina futi hapa mfukoni!" nikapaza sauti. "Njooni mpime wenyewe!"

Nikaivuta ile futi, nikashika ncha moja. Hakuna aliyekuja kushika ya pili.

Siku ya pili Damaris alinikuta barazani namenya korosho. Nyumbani tunamwita Kahonzi, jina la hawe yake, mke wangu marehemu, na ukimtazama akiwa amekasirika utadhani marehemu amerudi kuuliza nani ameacha mlango wazi.

"Tsawe, nguzo zinakatwa Jumatatu."

"Nimesikia."

"Mama Dedan anasema zisipokatwa, harusi inahamia ukumbi wa hoteli Watamu. Na mimi nataka nifungie hapa alipofungia hawe."

"Basi zikatwe, mjukuu wangu, ufungie hapa."

"Zikikatwa si hapa tena." Akachukua korosho moja akaila bila kuionja. "Fanya kitu, tsawe. Lakini usidanganye. Nakuomba sana. Ni mama mkwe wangu, nitaishi naye."

"Nimeshasema kweli. Haikushika."

Kisha akasimama akajikung'uta leso.

"Basi fanya. Ila usinieleze."

Jumatatu saa mbili asubuhi niliwahi kanisani nikaketi kwenye tako la nguzo ya kwanza. Lori likaja na mihimili, ikashushwa nje kwa kishindo. Mama Dedan akaingia, na nyuma yake fundi wa kike kutoka Kisii, anaitwa Nyaboke, amevaa suruali, mashine ya kukatia mawe begani kama mtoto aliyelala. Nyaboke hakusema mengi. Aliegemeza ngazi, akapanda kuchungulia dari kabla ya kukata, kama fundi yeyote mwenye akili.

"Mzee, utaumia hapo," Mama Dedan akaniambia.

Nilifungua kinywa niseme habari za chokaa. Haki ya Mungu, nilikusudia chokaa. Kilichotoka ni kingine.

"Naondoka, mkwe. Zikatwe tu. Ila nilikuwa najiuliza, sasa Dedan atapigia wapi hodi?"

"Hodi gani?"

"Ah. Hakukwambia? Basi, wacha, ni mambo ya kale."

"Mzee. Hodi gani?"

Nikajifanya kusitasita, kisha nikaeleza, na maneno yakawa yananijia yenyewe kama siafu. Kwamba huku Mihini bibi harusi haletwi, huombwa. Kwamba huyu yuko upande huu wa nguzo na yule upande ule, na kila wanapofika nguzo, bwana harusi huipiga kwa kiganja na kusema hodi. Msichana akijibu karibu, wote wawili wanasonga. Akijibu bado, kijana anarudi nguzo moja nyuma, aombe upya. Nguzo tano, hodi tano. "Msichana aliyepita zulia katikati," nikamalizia, "wazee wetu walisema huyo hakuolewa. Huyo alibebwa tu."

Mama Dedan akakunja mikono kifuani. Si mjinga yule. Akageuka akamwona Hawe Mbeyu, ambaye ana miaka themanini na ushei na kila Jumatatu hufuta vumbi kwenye viti.

"Shikamoo, bibi. Ati kuna hodi hapa wakati wa harusi?"

Hawe Mbeyu ndiye aliyekuwa akiniumbua mbele ya wageni kila mara. Alinitazama kama mtu anayemtazama mbuzi katikati ya shamba lake la mihogo. Akakikunja kile kitambaa, taratibu, mara nne.

"Hodi?" akasema. "Mwanangu, mimi mume wangu nilimwambia bado mara tatu. Alitoka jasho mpaka kola ikalegea."

Nikamkodolea macho. Naye wala hakunijali, ndio kwanza anaendelea.

"Na hapigi kwa ngumi. Kiganja, mara mbili. Ya tatu ni ya askari."

"Na mama wa bwana harusi," Mama Dedan akauliza, "yeye hukaa wapi?"

Hapo shetani akanitekenya. "Nyuma ya nguzo ya tatu," nikadakia. "Asione kitu. Ndiyo adabu yenyewe."

"Kabisa," akasema Hawe Mbeyu.

Mama Dedan akapanda ngazi mpaka alipokuwa Nyaboke. Wakanong'ona kwa muda. Nyaboke alikuwa akigonga dari kwa kifundo cha kidole na kutikisa kichwa. Mama Dedan aliposhuka alikuwa na vumbi jeupe kwenye nyusi.

"Sawa," akasema. "Chuma kikae nje. Harusi ipite na hizo hodi zenu. Lakini isipopendeza, mzee, Jumatatu yake Nyaboke anarudi. Na mashine yake."

Zile wiki sita zilizobaki sikulala vizuri. Uongo wangu ulinitoka mikononi ukaenda kuzurura kijijini bila mwenyewe. Nilimsikia mama mmoja kisimani akisema kwamba yeye aliolewa kwa hodi mvua ikinyesha. Mwingine akasema zamani bibi harusi alishika jani la mnazi. Kina mama wa ule Umoja wa kanisani wakatunga wimbo, wakadai ni wa bibi zao. Kasisi Baya akaniuliza kama desturi hii ina Maandiko, nikamwambia asome pale penye kubisha mlango, akaenda akasoma, akarudi ameridhika. Ilifika mahali nikilala naanza kujiuliza: kwani mimi na marehemu Kahonzi, siku ya harusi yetu, hatukupigiana hodi kweli?

Siku ikafika. Kanisa lilijaa hadi madirishani. Watu wa bara walikaa kushoto na kofia zao nzuri, sisi kulia, na nguzo katikati yetu. Mama Dedan aliketishwa nyuma ya nguzo ya tatu, na nguo yake ya kijani ikatokeza pande zote mbili.

Dedan akaingia kushoto, Damaris kulia. Wakafika nguzo ya kwanza. Kiganja mara mbili.

"Hodi!"

"Karibu!"

Vigelegele. Nguzo ya pili, vile vile. Watu wa bara walikuwa wameanza kunyoosha shingo. Wanaona nusu ya jambo, na nusu ya jambo ni tamu kuliko jambo zima. Nguzo ya tatu Dedan akapiga kwa madaha, keshazoea.

"Hodi!"

"Bado."

Kanisa likalipuka. Dedan akarudi nyuma, masikio yamemwiva mekundu, wajomba zake wakimkemea: "Omba vizuri, kijana! Hapo si kliniki!" Akapiga tena ya pili, akakaribishwa. Akapiga ya tatu kwa unyenyekevu, akakaribishwa. Wakasonga mpaka ya nne.

"Hodi, Damaris."

Kimya. Si karibu, si bado. Mimi nilikuwa upande wake, nikamwona amesimama, ameweka kiganja chake juu ya chokaa, anaitazama tu. Watoto wakaacha kulia. Nikawaza, basi, ameona ni upuuzi, na Jumatatu Nyaboke huyo hapa. Nyuma ya nguzo ya tatu kulisikika viatu vikivuliwa, kisha kofia ya kijani ikapanda juu polepole: Mama Dedan alikuwa amesimama juu ya kiti.

Dedan akashusha sauti. Hakusema kwa ajili ya watu.

"Hodi, Kahonzi."

Hilo jina sikuwahi kumsikia akilitamka. Sijui alifundishwa na nani.

"Karibu," akasema mjukuu wangu, na sauti ilikatika katikati.

Ya tano sikuiona, macho yalikuwa yameingia vumbi la dari.

Baada ya viapo Mama Dedan akaomba kusema neno. Akaja mbele bila viatu.

"Kasisi," akasema, "nguzo zibaki. Chuma kijengee watoto banda la shule ya Jumapili." Makofi yakapigwa, nikapumua kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatatu ya lori. Lakini hakuketi. "Sasa kuna mtu hapa. Mimi niliuliza wanawake kumi wa Mihini habari ya hodi. Nikapata desturi kumi."

Kina mama wa Umoja wakaanza kutazama viatu vyao.

"Na Nyaboke siku ile ile juu ya ngazi aliniambia: mama, ukigusa hizi nguzo, dari lote linakuja chini na ukuta unafuata. Yaani mzee huyu alikuwa na ukweli mkononi, akaja kuniuzia uongo!"

"Nilisema kweli!" nikapiga kelele. "Uliza kamati!"

"Alisema," Marvin akakubali kwa sauti ndogo. "Tulimcheka."

"Basi vizuri," akasema Mama Dedan, na akatabasamu tabasamu ambalo ningelijua popote, maana nimelivaa mwenyewe miaka mingi. "Kwetu Nyandarua nasi tuna desturi. Ya zamani sana. Babu wa bibi harusi hupita nguzo zote, na kila nguzo husema jambo moja la kweli kuhusu yeye mwenyewe. Likiwa kweli, mkwe wake humwambia karibu. Likiwa uongo, bado."

Watu wa bara wakatazamana. Ilikuwa wazi hawajawahi kusikia kitu kama hicho. Kisha dada ya Mama Dedan, Idah, akaruka kutoka kwenye kiti: "Iko! Iko kabisa! Hata baba yetu alipitishwa!"

"Kwani huko kwenu mna nguzo kanisani?" nikauliza.

"Hatuna. Ndiyo maana tumengoja sana."

Nikasukumwa mpaka mlangoni. Suti imenibana, magoti yanalia. Nikapiga nguzo ya kwanza.

"Hodi. Nina miaka sabini na sita. Si sitini na tisa."

"Karibu."

Ya pili. "Hodi. Ile bezi ninayoimba kwenye kwaya, maneno yake siyajui. Huwa nahesabu moja mpaka kumi kwa sauti nzito." Kwaya yote ikageuka kunitazama.

"Karibu."

Ya tatu. "Hodi. Mkwe, kukuketisha hapa nyuma haikuwa adabu ya mtu yeyote. Nilipenda tu."

"Karibu. Lakini nimeiandika."

Ya nne ilikuwa ngumu. Nikaegemea nguzo. "Hodi. Siku ile mliponicheka kwenye kamati, nilikwenda nyumbani chakula kikanishinda." Hakuna aliyecheka safari hii. Marvin akainama.

"Karibu, mzee," akasema Mama Dedan, taratibu.

Nikafika ya tano. Maharusi wako hatua mbili mbele yangu, Damaris amenishikilia kwa macho kana kwamba naweza kuanguka. Nikaona liwe liwalo, hapa niitoe ile ya ndani kabisa.

"Hodi. Mimi na Kahonzi hatukupigiana hodi. Siku tuliyooana yeye alipita kulia na mimi kushoto, wala hatukusema neno. Nilikuwa namwona vipande vipande, kila nafasi kati ya nguzo. Kwanza sikio. Kisha mkono na ua. Kisha kisigino. Nilipofika mbele nikamkuta mzima, nikashangaa."

Nikasikia pua moja ikipengwa upande wa bara. Kisha kutoka nyuma kabisa Hawe Mbeyu akasimama, fimbo juu.

"Mwongo huyo!" akafoka. "Mlipigiana! Nilikuwepo mimi, nilishika maua! Alikwambia bado mara mbili!"

"Mara tatu!" akadakia mwingine.

"Na mvua ilikuwa ikinyesha!"

Safu nzima ya kina mama wa Umoja ikasimama kushuhudia. Nikageuka kwa Mama Dedan, nimefungua mikono, ukweli wote uko usoni. Akanitazama. Akawatazama kina mama, akawapima kwa macho mmoja mmoja, jinsi walivyo wengi.

"Bado," akasema.

Nikarudi nguzo ya nne.